Ndoto ya Kuazima

Bariadi mjini,
3 Juni 1996

Mdogo wangu Milembe,

Bwana asifiwe sana. Barua hii anakuletea dereva wa lori la hawa wanunuzi wapya wa pamba, yule mfupi anayepiga honi hata kwa mbuzi aliyelala. Mpe maji, na kama kuna viazi vya matobolwa mpe pia, maana nimemlazimisha achukue chochote kwa usumbufu akakataa.

Nina habari kubwa. Kamati ya wachungaji imelikubali jina langu. Tarehe ishirini na nne Novemba nitawekewa mikono, niitwe mchungaji. Miaka tisa, Milembe! Toka siku ile niliposimama kanisani kwetu Mwandoya na viatu vya kuazima, mpaka leo. Wifi yako Goodness ameshaanza kuhangaikia nguo za siku hiyo, na wanakwaya wanafanya mazoezi hadi majirani wanalalamika. Mungu ni mwaminifu kwa wale awaitao.

Kuna jambo dogo tu. Kila anayewekewa mikono anatakiwa aandike jinsi Mungu alivyomwita, kurasa mbili, kwa mkono wake mwenyewe. Ushuhuda huu nimeutoa mara nyingi mno, mpaka sasa sijui kipi kilikuwepo na kipi nilikiongeza nikiwa mimbarani. Kule Ngulyati nilisema yule mtu wa kwenye ndoto alivaa nguo nyeupe. Somanda nikasema sikuona nguo. Na katika kamati yuko mzee mmoja ambaye amenisikia kote kuwili, naye kumbukumbu zake hazina msamaha.

Wewe una kichwa kizuri kuliko changu. Naomba uniandikie ile ndoto yote, kama ulivyonisimulia asubuhi ile tulipokuwa tunapura mtama. Usiruke kitu. Ukimaliza kusoma barua hii ichome, unajua sababu.

Msalimie shemeji Limbu na watoto.

Kaka yako katika Kristo,
Mwinj. Luhende


Mwandoya,
16 Juni 1996

Kaka,

Mwangaluka. Najua huko mjini mnasema Bwana asifiwe hata kwa kuku, lakini mimi nakusalimia kama mama alivyotufundisha. Sisi wazima. Dereva wako amekula matobolwa bakuli mbili na mengine kafunga kwenye gazeti. Barua nimeichoma, moto ukakolea vizuri.

Hongera kwa kuwekewa mikono. Nimefurahi, nisiseme uongo.

Ndoto ilikuwa hivi. Mto Simiyu umekauka. Mimi nimepiga magoti mchangani, nachimba kisima kwa mikono, kata iko pembeni. Maji yakaja, kwanza ya tope, halafu yakawa safi. Nikachota ninywe. Kulikuwa na mtu amekaa ukingoni, akasema, "Milembe, usinywe kwanza. Geuka." Nikageuka nikaona wanawake wamesimama na vibuyu, foleni yao sikuona mwisho. Akasema, "Hao ni wa kwako." Basi. Uso sikuuona na nguo sikuziona. Ng'ombe hawakuwepo. Ng'ombe uliwaleta wewe, na ile sauti ya "chunga kundi langu" uliileta wewe pia. Siku ya kwanza nilipoisikia nikadhani labda umeota yako.

Umeniambia nisiruke kitu, basi siruki. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuambia wewe peke yako kwa sababu bibi alikuwa amekufa mwaka ule, na ukoo mzima walikuwa wanangoja kuona masamva, ile mizimu ya kwetu, watamchagua nani avae shanga zake za ufumu, arithi uganga wake. Msichana anayeota maji wangemvisha siku hiyo hiyo. Nilikuomba usimwambie mtu kwamba nimeota, na kweli hukumwambia. Jumapili yake mhubiri mgeni akauliza nani amesikia sauti ya Mungu, ukasimama wewe. Mimi niko upande wa wanawake, nikafikiri unasimama kunifichia.

Huku kwetu mambo ni kidogo kidogo. Kila Alhamisi nakaa na wanawake, tunasoma Neno, mwenye mgonjwa anasema, tunakwenda kumwogesha na kumpikia. Tulianza watatu, sasa tumefika ishirini na kitu. Tulikuwa tunakutana kwenye ghala la ushirika kwa kuwa lilikuwa tupu tangu chama kishindwe kununua pamba. Sasa ghala limekodishwa kwa mnunuzi binafsi, tumetolewa na mikeka yetu. Tumehamia uani kwangu.

Dada yako,
Milembe


Bariadi mjini,
30 Juni 1996

Mpendwa dada,

Asante sana kwa barua yako. Imenisaidia. Nimeona ni vema ng'ombe niwaache wabaki, kwa sababu watu wameshawazoea na mzee wa kamati anawakumbuka, lakini nguo nyeupe nimeiondoa.

Hayo mengine uliyoyaandika nimeyasoma. Unajua moyo wangu, Milembe. Nilikulinda. Kama nisingesimama siku ile, leo ungekuwa umekaa kwenye kibanda cha bibi na kibuyu cha dawa mkononi. Mungu hutumia njia zake, na wakati mwingine ujumbe unapita kwa mmoja ili umfikie mwingine. Tusizichimbue habari za zamani wakati huu tunaposubiri baraka.

Hongera kwa kikundi cha Alhamisi. Kina mama wanahitaji kutiwa moyo.

Ndimi kaka yako,
Mwinj. Luhende


Mwandoya,
4 Agosti 1996

Kaka,

Leo sikusalimii kwa urefu. Nina shida na mtu wa kunitoa ni wewe.

Uani kwangu unakumbuka kulivyo. Vile vijumba viwili vya nyasi vya masamva alivyojengewa mama mkwe viko hatua kumi toka jikoni. Sisi tunakaa upande wa pili, penye kivuli cha nyumba. Lakini mtu akipita barabarani anaona wanawake ishirini wamekaa chini, katikati vijumba vya mizimu, na mmoja anamwekea mgonjwa mikono kichwani. Na huyo mmoja ni mjukuu wa yule mfumu. Unaona ilivyokaa. Hata mimi ningepita ningesema, Milembe ameanza.

Mama mkwe amefurahi. Huo ndio ubaya wenyewe. Anawaambia watu masamva wameamka, anataka ukoo watafute kondoo mweusi na kunivisha shanga kabla ya mvua. Limbu hasemi kitu. Anachunga maneno yake kuliko anavyochunga ng'ombe.

Mchungaji Mahona akaniita mbele ya wazee. Akaniuliza nani alinituma kukusanya wanawake. Kaka, nilichoka. Ndoto ile imerudi mara tatu mwaka huu, vile vile, na ile foleni. Nikawaambia. Nikaeleza mto, kisima, kata, foleni, na lile neno, "Hao ni wa kwako." Nilidhani wataitambua kwa kuwa waliisikia miaka tisa iliyopita wakalia machozi. Mzee Sayi peke yake ndiye aliyeinua kichwa, akasema, "Mbona hii inafanana na ya Luhende?" Mchungaji akamkata. Akasema Luhende aliota ng'ombe na uchungaji, huyu ameota maji na vibuyu, na kila mtu anajua maji na vibuyu ni vya nani.

Wamenitenga na Meza ya Bwana. Nakaa benchi la nyuma, pale wanapokaa walevi na wasichana waliopata mimba. Alhamisi wamekataza. Juzi Nyanjige, mwenzetu wa Alhamisi, ameharibu mimba, nimekwenda kumwogesha kwa kujificha nikipita mashambani, mtu mzima mimi.

Sikuombi kitu kikubwa. Andika barua moja kwa Mchungaji Mahona. Sema ile ndoto ya mwaka 1987 iliotwa na nani. Waliikubali kuwa ya Mungu ikiwa mdomoni mwako. Wakijua ni ile ile, na ni yangu, hawawezi kuiita ya mizimu. Hawana pa kupitia.

Najua itakugharimu. Nimekaa wiki mbili kabla ya kuandika kwa ajili hiyo.

Milembe


Bariadi mjini,
19 Agosti 1996

Kwa Mchungaji Mahona,
Kanisani Mwandoya

Yah: Ndugu Milembe, mke wa Limbu

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu.

Nimepata habari za dada yangu kuwekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Ninaheshimu uamuzi wa wazee, ila kama ndugu naomba niseme machache kumhusu.

Nimemfahamu Milembe toka utoto kuwa ni mtu mwenye bidii, na sijapata kumwona akijihusisha na mambo ya ufumu. Kuhusu ndoto anayoisimulia, ningependa ieleweke kwamba alikuwepo nyumbani nilipoupokea wito wangu, naye ameusikia ushuhuda huo mara nyingi kutoka kwangu. Si ajabu kwa mtu mwenye mapenzi na kaka yake kulibeba jambo moyoni miaka mingi, mwishowe akadhani ni lake. Hapo sioni pepo. Naona udhaifu wa kawaida wa kibinadamu, ambao unahitaji kuhurumiwa kuliko kuadhibiwa.

Naomba arudishwe Mezani mapema iwezekanavyo.

Wako katika shamba la Bwana,
Mwinj. Luhende


Bariadi mjini,
19 Agosti 1996

Mpendwa dada,

Nimemwandikia Mchungaji Mahona leo hii. Nimekutetea, na nimesema wazi kwamba huna pepo. Nadhani mambo yatatulia. Yale mengine tuyaache mpaka baada ya Novemba. Nikishakuwa mchungaji nitakuwa na sauti kwenye vikao, nami nitalisimamia jambo lako lote kwa ukamilifu. Vumilia kidogo.

Goodness anakutumia kanga. Ameichagua mwenyewe.

Kaka yako,
Luhende


Mwandoya,
2 Septemba 1996

Luhende,

Barua yako kwa Mchungaji imesomwa kanisani jana, kabla ya matangazo. Aliisoma kwa Kiswahili, halafu akaitafsiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee. Kwa hiyo nimeisikia mara mbili.

Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka kama anavyochekwa mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Jirani yangu Kwandu alinishika mkono nje akaniambia, pole mwaya, hata mimi niliwahi kuota harusi ya dada yangu nikaamka nimejiona bibi harusi. Alikuwa ananifariji.

Mezani nimerudishwa kwa huruma, kama ulivyoomba. Nimekataa kwenda. Alhamisi hakuna anayekuja, maana nani atamfuata mtu anayeazima ndoto? Mwezi uliopita nilikuwa mwenye mizimu. Walau mwenye mizimu anaogopwa. Sasa mwizi, na aliyeibiwa ni wewe.

Kanga ni nzuri. Nimempa Nyanjige.

Usiniandikie.

Milembe


Bariadi mjini,
6 Oktoba 1996

Wifi yangu Milembe,

Shikamoo kwa mama mkwe, na watoto nawasalimu. Nakuandikia bila kaka yako kujua, na mwandiko wangu utauvumilia kwa kuwa nimejificha jikoni.

Wifi, kuna nini? Luhende hali. Zile kurasa mbili za kamati mpaka leo hajaandika, karatasi iko mezani nyeupe, anaipangusa vumbi. Akitakiwa kuhubiri anasema anaumwa kichwa. Wiki iliyopita mama mmoja alimwomba atoe ule ushuhuda wa mto kwenye maombolezo, akatoka nje akatapika. Nikafikiri ni malaria, nikampeleka akapimwe, hana.

Jumatatu nilikuwa nafua nikakuta barua mfukoni mwa suruali, imeshalowa yote. Nilisoma maneno mawili tu, "sasa mwizi". Mwandiko ni wako. Nimemwuliza, akasema ni habari za pamba.

Mimi si mtoto, wifi. Kama kuna mtu amekuibieni huko niambie. Kama ni sisi tumekosa, niambie pia, kwa sababu mwezi ujao nitakaa benchi la mbele mbele ya watu wote, na sitaki kukaa pale nikiwa mjinga.

Wifi yako,
Goodness


Mwandoya,
20 Oktoba 1996

Wifi Goodness,

Wewe hujakosa kitu. Muulize mumeo mwaka 1987 mchangani mwa Simiyu nani alichimba maji. Ukimuuliza, mwangalie usoni, usiangalie sufuria.

Asante kwa kanga. Nilimpa mwenye shida zaidi yangu, usikasirike.

Milembe


Bariadi mjini,
25 Novemba 1996

Milembe,

Ulinikataza kuandika, nami sina haki ya kukusalimu, kwa hiyo sikusalimu.

Goodness aliniuliza. Aliniangalia usoni. Nilianza kumwambia kwamba nilikulinda, na nikiwa katikati ya maneno nikasikia jinsi yanavyonuka. La kuvunda halina ubani. Nikamweleza lote. Hakulia, hakugomba. Aliepua maharage yaliyokwisha kuungua, halafu akasema, "Mimi niliolewa na ile ndoto." Unakumbuka alinisikia kwenye kongamano la vijana Nyalikungu, akamwambia mama yake amempata mtu aliyeitwa na Mungu. Toka siku hiyo ananipikia na kunifulia, lakini chumbani anageukia ukutani, nami siwezi kumlaumu.

Nilidhani nitaiambia kamati faraghani. Mara tatu nilifika mlangoni kwa mwenyekiti, mara tatu nikazungumzia mvua. Ndivyo nilivyofika tarehe ishirini na nne bila kusema. Zile kurasa niliwaambia nitazisema kwa mdomo siku yenyewe.

Jana kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nikaitwa nitoe ushuhuda. Nikaanza kama kawaida, "Mto Simiyu ulikuwa umekauka," watu wakatulia. Nilipofika kwenye kuchimba maji nikasema, "Aliyechimba si mimi. Ni dada yangu Milembe, yuko Mwandoya." Wakaitika Amina! Walifikiri ni namna ya kuhubiri. Nikarudia, "Ndoto hii si yangu, niliichukua." Wakapiga makofi, mmoja akasema angalia unyenyekevu wa mtumishi. Wanakwaya wakaona nimekwama, wakaanzisha wimbo. Milembe, nilikuwa nasema ukweli kwa mara ya kwanza katika miaka tisa na hapakuwa na mtu wa kuusikia, kwa sababu niliwazoeza mwenyewe kushangilia kila ninachosema.

Nikangoja wimbo uishe, nikasema kwa Kisukuma, taratibu, kama tulivyokuwa tunaongea nyumbani. Hapo wakanyamaza. Bibi mmoja wa benchi la mbele akauliza kwa sauti, "Yaani ulimnyang'anya mtoto wa kike?" Nikamjibu, "Ndiyo, mayu."

Mwenyekiti alinishika mkono akanitoa kwa mlango wa nyuma. Ofisini wakanipa karatasi na kalamu. Zile kurasa mbili zilizonishinda miezi mitano niliziandika kwa nusu saa, nikasaini, nao watazituma kwa Mchungaji Mahona. Nimesimamishwa huduma zote, na nyumba ya kanisa tunaiacha kabla ya mwaka kuisha. Wali ulikuwa tayari, watu wakala. Nilikuwa nawasikia toka ofisini.

Sasa nikuambie lile la kwako, ambalo kamati hawakuniuliza. Ni kweli nilisimama kukulinda, lakini ukweli huo ulidumu muda wa mtu kuinuka kwenye benchi. Waliponipigia makofi ukaisha. Ukoo ulikuwa na mtoto mmoja wa maana, mjukuu wa kike wa bibi, ndiye wewe. Mimi nilikuwa mchunga ng'ombe aliyefeli darasa la saba. Siku ile nikawa mtu. Nikaipenda ile hali kuliko nilivyokupenda.

Na barua kwa Mahona. Hiyo siwezi kuitetea kwa neno lolote. Niliiandika nikijua. Niliisoma mara mbili, nikasahihisha mwandiko, nikajipongeza kwa lile neno "kuhurumiwa". Nikifikiria walivyoisoma kwa Kisukuma natamani kuivua ngozi yangu.

Nina swali moja, na sina mwingine wa kumuuliza. Miaka tisa nimebatiza, nimezika, nimeombea wagonjwa na wengine walipona. Hayo yote yalikuwa ya nani? Mimi Mungu aliwahi kuniita, au nilikuwa napita tu na barua ya mtu mwingine mkononi?

Sina pa kwenda ila nyumbani. Lakini nyumbani upo wewe. Ukisema nisije, sitakuja.

Luhende


Mwandoya,
15 Desemba 1996

Kaka,

Habari zilifika kabla ya barua yako. Mwalimu mmoja alikuwepo Bariadi siku hiyo, akafika hapa Jumanne, na jioni yake hakuna kuku Mwandoya ambaye hakuwa amesikia.

Mchungaji Mahona alikuja kwangu na Mzee Sayi, wameshika zile kurasa zako. Nikawapa viti. Mchungaji hakuniomba radhi, si kawaida yake, lakini uji niliompa akaumaliza wote. Akasema wazee wamekaa siku mbili wakibishana. Wengine wanasema kama ndoto ni ya mwanamke basi kanisa lilidanganywa na tuifute. Mzee Sayi akawaambia, siku ile sisi tulilia, je machozi nayo tuyafute? Mwisho wamekubali Alhamisi iendelee. Wamesema "kwa majaribio". Sijui wanamjaribu nani.

Mama mkwe amenuna kwa ajili ya zile shanga za bibi. Limbu kaongea! Alimwambia mama yake, "Mwache, ana kazi." Maneno matatu kwa mwaka mzima, lakini nimeyapokea.

Leo nimekwenda Mezani. Nilidhani nitafurahi. Nilipokunywa kikombe nikashikwa na aibu, kaka, mpaka shingo ikawa moto, na si kwa ajili yako. Nikuambie, maana wewe umeniambia yako. Siku uliposimama mwaka ule sikukasirika. Nilishusha pumzi. Nikasema moyoni, amechukua Luhende, sasa mimi niko salama, nitaolewa nilime pamba kama wenzangu. Ulipokwenda chuoni, walipouza pamba ya shamba la kanisa kwa ajili yako, niliivuna mimi nikiimba. Nilikuachia mzigo wangu kwa hiari, halafu nikakulaumu kwamba umeubeba vibaya. Ulininyang'anya, ndiyo, na ile barua yako nitaisikia mpaka nizeeke. Lakini na mimi nilinyamaza miaka tisa, na wanawake wale walikuwa wamesimama wananingoja. Mficha uchi hazai. Nimewaambia wazee haya pia. Mzee Sayi aliangalia chini, Mchungaji akaandika.

Wameniuliza nataka wewe ufanywe nini. Nikasema bado nina hasira, msiniulize mwezi huu.

Njoo. Uje na Goodness, nyumba ya mama ina chumba kimoja kisichovuja, na shamba liko wazi, mbegu za pamba zinatakiwa ziwe chini kabla ya Krismasi. Utakaa benchi la nyuma. Nalijua, lina msumari upande wa kushoto, kaa kulia. Usije na mahubiri, Mchungaji tunaye mmoja na anatutosha kwa shida. Na Goodness usimharakishe. Alidanganywa zaidi ya sisi wote.

Umeniuliza kama Mungu aliwahi kukuita. Sijui. Wale uliowazika wamezikwa, na waliopona wamepona, hayo mwachie mwenyewe. Ninalojua ni kwamba siku ile mwezi uliopita hapakuwa na mtu aliyekutuma useme ulivyosema. Mimi nilikuwa nimeshakukataza hata kuandika. Kwaya ilikuzuia, makofi yalikuzuia, nguo ya uchungaji ilikuwa imekunjwa pale mezani inakungoja. Ukasema mara tatu. Hiyo hukuiazima kwangu.

Milembe